Geti Linalolala kwa Jirani

Mtaani kwetu anaitwa Mzee Bisibisi. Mimi ni jirani yake wa ukuta mmoja, kwa hiyo ukitaka habari zake njoo kwangu, usiende kwa wale wa kwenye kona ambao kila jambo lazima walitie chumvi mpaka lisilike. Jina lilitokana na bisibisi yenye mpini mwekundu anayoiweka kwenye mfuko wa shati, pale ambapo wenzake huchomeka kalamu. Dukani anakwenda nayo, hospitali anakwenda nayo. Siku alipomzika mkewe alikuwa nayo vilevile, imesimama juu ya shati jeupe, na hakuna hata mmoja wetu aliyepata moyo wa kumwambia aitoe.

Mimi ni msusi. Saluni ni baraza langu mwenyewe: viti viwili, kioo chenye ufa pembeni, draya inayofanya kazi siku ikijisikia, na benchi la wanaosubiri zamu, ambalo limeegemea ukuta wa mpaka. Upande wa pili wa ukuta huo ndipo mzee anapoweka kiti chake jioni. Masikio yake yamechoka, hivyo simu anaongea kwa spika, na sauti ameipandisha mpaka mwisho. Sisi hatukuwa tukimpeleleza. Ukikaa kwenye benchi lile na masikio yako mawili utasikia tu, labda uyazibe kwa pamba.

Na mtu wa kuongea naye alikuwa mmoja: binti yake, mtoto wa pekee, aliyeolewa mji wa mbali. Ana watoto wake huko, na babu yao anawajua kwa picha. Tangu mazishi ya mama yake, binti huyo hajakanyaga hapa. Msidhani wamegombana. Simu anapokea, shikamoo anatoa, anauliza dawa za presha kama zipo. Kuja ndiyo haji. Kila akiitwa ana sababu, na sababu zenyewe zinaingia akilini, huo ndio ubaya wake. Mwisho wa kila simu ni neno moja: "Tutaona, baba."

Sasa ili uelewe yaliyotokea, lazima ujue mzee alikuwa nani kabla ya kuwa mzee. Alikuwa fundi wa matengenezo kwenye hoteli kubwa, ya wenye nazo. Simu inalia kutoka mapokezi: chumba fulani maji ya moto hayatoki. Anapanda na mkoba, anatengeneza, anashuka. Simu inalia tena: kitasa kimegoma, feni inalia kama paka. Anapanda, anatengeneza, anashuka. Ndivyo maisha yake yalivyokwenda mpaka akastaafu, na ndivyo kichwa chake kilivyozoea. Kwake yeye duniani kuna mambo mawili tu, kitu kibovu na kitu kilichotengenezwa, na katikati ni bisibisi.

Siku moja nilikuwa namteta mteja fulani asiyeridhika, leo misuko inambana, kesho imelegea. Mzee alikuwa anapita, akasimama kwenye ngazi akanisahihisha. Aliniambia, "Anayelalamika mpende sana, jirani. Huyo anataka kurudi. Ukimwona mgeni anakabidhi ufunguo huku anatabasamu, anasema asante, kila kitu kilikuwa kizuri, ujue huyo umempoteza." Alisema ameliona hilo hotelini maisha yake yote na halijawahi kumdanganya.

Kwa hiyo binti yake alipokuwa anatoa sababu, mzee hakusikia sababu. Alisikia simu ya mapokezi.

Naweza kukutembeza uwanjani kwake nikuonyeshe. Ile saruji safi iliyofunika uwanja wote isipokuwa kibustani cha marehemu mkewe, hiyo ni kikohozi cha wajukuu, maana binti alisema vumbi la huko linawaumiza watoto kifua. Kile choo cha ndani chenye vigae ni kwa sababu watoto hawakuzoea kutoka nje. Dari na feni ya chumba cha kulala wageni, hiyo ni siku binti aliposema mabati yanawaka moto mchana. Kila kimoja alikijenga kwa mikono yake, na kila kilipokwisha alipiga simu kutoa taarifa, kwa sauti ya mfanyakazi anayeripoti kazini. Binti anasema hongera baba, imependeza. Kisha inapita wiki, inakuja sababu nyingine. Wateja wangu walianza kucheka wakisema yule binti anajenga nyumba kwa simu. Mimi nilicheka nao siku za mwanzo. Baadaye nikaona hakuna cha kuchekesha pale.

Kuna kitu kingine sikukijua mapema. Nyumba ile ile, enzi za ujana wake, ilikuwa mbovu kupita nyumba zote za mtaa. Kinyozi hajinyoi, si ndivyo wanavyosema? Marehemu mkewe alikuwa anatoka na ndoo kwenda kuteka maji kwa watu kwa sababu bomba lao lilikuwa limekufa, na mumewe yuko hotelini anarekebisha mabomba ya wageni mpaka giza linaingia. Mlango wao ulifungwa kwa kamba. Haya nilisimuliwa na wakubwa wa mtaa, mimi nilihamia baadaye.

Basi, sababu iliyofuata ilikuwa gari. Binti alisema wamenunua gari kubwa, la kubeba familia nzima, na wangependa kuja nalo, ila watalilaza wapi? Pale barabarani wezi watang'oa vioo na taa usiku mmoja. Nilimsikia mzee akivuta pumzi, nikajua tayari ameshaanza kupima kichwani. Kesho yake asubuhi alikuwa nje na futi kamba, anapima mlango wa uwanja, anapima kona ya nyumba, anarudia kupima kama vile ardhi inaweza kumhurumia ikaongezeka.

Tatizo lilikuwa nafasi. Uwanja wake unapanda kutoka barabarani, kwa hiyo geti la kufunguka kwa ndani lingekwaruza chini na kukwama. La kufunguka kwa nje lingewagonga wapita njia. Fundi wa kuchomelea aliyeletwa, bwana mmoja mnene anayeongea kuliko mashine yake, alisema dawa ni geti la kusukuma pembeni, lenye magurudumu, linalotembea juu ya reli. Sawa. Lakini geti la namna hiyo likifunguka lazima lipate ukuta wa kujificha, mrefu kama lenyewe. Upande wa kushoto wa mzee kuna kona ya chumba chake cha kulala. Upande wa kulia ni mimi.

Alikuja kuniomba wakati baraza limejaa. Alisimama kwenye ngazi, akagonga nguzo kwa mpini wa bisibisi ingawa sote tulikuwa tunamwangalia. Akaeleza taratibu kwamba anataka kutoboa mwanya mwembamba kwenye ukuta wa mpaka, apitishe reli, ili geti likifunguliwa lije kujilaza ndani kwangu, nyuma ya ukuta wangu wa mbele, hapo nilipotundika kamba ya taulo. Likifungwa linarudi kwake. Alisema, "Halitakaa, jirani. Litakuja tu na kurudi."

Nilimkatalia. Nilimkatalia mbele ya watu, na kichwa cha mtu mkononi, na sikupunguza sauti. Ili usinihukumu haraka nikwambie kwa nini. Mume wangu aliniaga anakwenda kutafuta maisha, na nadhani aliyapata, maana hakurudi. Waliokuja ni kaka zake, na futi kamba kama hiyo hiyo ya mzee, kuja kupima kiwanja changu. Niliwatoa na pasi ya nywele ikiwa ya moto mkononi. Tangu siku ile nilijiapiza mambo mawili, na mtaa mzima nikautangazia: hakuna atakayekula hata upana wa kidole wa ardhi hii, na hakuna mwanamume atakayeshika nyundo nyumbani kwangu. Bomba langu la uani linavuja, tone tone, ndani ya beseni, na mzee alikwisha kujitolea kulitengeneza mara nyingi nikamwambia liache livuje, ni langu.

Wateja wakaniunga mkono, unajua watu. Leo geti, kesho hati ya kiwanja. Mzee alisikiliza yote. Kisha akasema, sawa jirani, nimekusikia, akageuka akaondoka. Angebisha ningejisikia vizuri zaidi. Nilibaki nasuka kwa hasira mpaka mteja akaniomba niikumbuke ngozi yake ya kichwa.

Jioni ile simu ikapigwa. Nilikuwa nafagia nywele chini ya benchi. Mzee alimweleza binti kwamba mambo ya geti yanakwenda, kimebaki kitu kidogo tu na jirani. Binti akasema, kwa haraka, kama mtu aliyepewa mlango wa kutokea, kwamba asigombane na majirani kwa ajili yao, bora aache tu. Na mzee akamjibu, "Hapana, hapana. Jirani ni mtu mzuri. Anafikiria tu."

Mimi, mtu mzuri! Nilikuwa nimemfukuza kama mwizi wa kuku, na yeye yuko huko ananipamba kwa mtoto wake. Aibu iliyonishika, nilisimama na ufagio nikashindwa kujua niuweke wapi. Asubuhi kabla hata ya kuwasha jiko nilikwenda kwake nikamwambia atoboe. Nikaweka masharti, maana siwezi kukubali kitu bila masharti: mwanya uwe wa kutosha geti tu, kamba yangu ya taulo isiguswe, na siku nikisema litoke, linatoka. Akaitikia kila moja. Alitaka kunishukuru kwa kunitengenezea lile bomba. Nikamwambia asianze.

Kazi ya kuliweka geti lile niliiona yote kutoka kwenye kiti changu. Walitoboa ukuta kwa tindo na nyundo, na vumbi likawashukia waliosubiri mpaka wakaonekana vikongwe kabla ya wakati. Walilaza reli kwenye saruji, na mzee akawa anainama kila hatua na pima maji yake, kile kifimbo chenye tone la hewa ndani, akihakikisha reli haijainama upande. Fundi wa kuchomelea alisema inatosha. Mzee alisema haitoshi. Fundi akasema geti ni la kuingizia gari, si la kuingizia bibi harusi. Mzee hakucheka, akamwomba anyanyue tena.

Njia ya gari ilipita juu ya bustani ya marehemu mkewe. Ilikuwa bustani ndogo, maua ya kawaida tu, mengine yalishakauka. Fundi alitaka kuyakwangua kwa sepetu. Mzee alimsimamisha, akachimba shina moja moja kwa mkono, akayahamishia kwenye ndoo tupu za rangi, akazipanga kandokando ya ukuta. Siku nzima ilikwenda kwa hayo, na fundi alikaa kivulini akilalamika kwamba anacheleweshwa. Mzee alikuwa hata hamsikii.

Geti lilipakwa rangi ya kijivu. Nilimuuliza kwa nini hakuchagua rangi ya kuchangamka, akanijibu kwamba hajui gari la binti ni la rangi gani, na kijivu hakigombani na rangi yoyote. Mtu mwingine angeuliza kwenye simu. Yeye hakutaka kumsumbua.

Siku ya majaribio alikuja kuazima gari. Mteja wangu mmoja alikuwa nalo, kubwa, limeegeshwa nje, na yeye mwenyewe kichwa kilikuwa nusu kimesukwa, nusu nyingine imesimama kama ya aliyenaswa na umeme. Alikataa, akaombwa, akaona haya kumkatalia mtu mzima, akatoka hivyo hivyo. Barabara nzima ilisimama kutazama. Mzee akasukuma geti, nalo likaja kwangu kimya kimya, likapita kwenye mwanya, likajilaza chini ya taulo zangu bila kuzigusa. Akamwelekeza mteja kwa mikono yote miwili, njoo, njoo, kata kulia, simama. Gari likaingia na nafasi ikabaki. Sote tulipiga makofi.

Kisha akalifunga geti. Sisi tukasubiri alifungue, mteja atoke, nimalizie kichwa chake. Hakulifungua. Nilisogea ukutani nikachungulia. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja wake, mikono nyuma, anaangalia lile gari. Limeegeshwa nyumbani kwake, mlango wake uko karibu na ngazi, kama ambavyo lingekuwa la binti siku akija. Mteja alikaa ndani muda kidogo kwa heshima, halafu akapiga honi. Mzee akashtuka, akaomba radhi, akafungua.

Jioni akapiga simu. Kwenye benchi hakukuwa na mtu, nilikuwa na kichwa kimoja tu cha mwisho, mama mmoja mkimya. Tulimsikia mzee akikohoa kusafisha koo kabla binti hajapokea. Akatoa taarifa yake yote: geti limesimama, reli imenyooka, gari kubwa limejaribiwa limeingia na kutoka, hata lori lingeingia dereva akiwa na adabu. Alicheka hapo mwenyewe.

Akauliza, "Kuna kingine?"

Binti akasema, "Hakuna, baba."

"Hakuna kabisa? Wewe sema tu. Bado nina saruji imebaki."

Sauti ya binti ilipokuja ilikuwa ya chini, na kwa spika ile ilisikika kana kwamba amekaa nasi barazani. Hakuwa na hasira. Ningefurahi angekuwa na hasira. Alisema, "Nyumba haina tatizo, baba. Ni nzuri kweli. Mama alibeba maji kwa ndoo kwenye nyumba hiyo mpaka mgongo ukapinda, na koki ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Sikulaumu. Nilitaka tu uache kuhangaika. Usitengeneze kitu kingine kwa ajili yangu."

Habari ya ndoo mzee aliiruka. Akasema, na maneno yakawa yanakimbizana, "Paa. Sijakwambia kuhusu paa, paa lile upande wa jikoni lina—"

"Baba."

"Sema kitu, mwanangu. Chochote. Sema paa linavuja."

"Halivuji, baba. Asante. Kila kitu kilikuwa kizuri."

Sijui kama alijua anachosema. Hakuwahi kufanya kazi hotelini, hakuwahi kukabidhi ufunguo mapokezi. Lilimtoka tu, kama adabu inavyomtoka mtu. Lakini mimi nililijua lile neno, na aliyekuwa upande wa pili wa ukuta alilijua kuliko mimi. Simu ikakatika. Mama niliyekuwa namsuka akanishika mkono, maana nilikuwa nimeshika nywele zake nimesimama tu, na machozi yananitoka kama mtoto.

Baada ya hapo geti halikuja tena kwangu. Kabla ya simu ile, kila asubuhi alikuwa analileta na kulirudisha, analipaka grisi, anasikiliza magurudumu, na mimi nilikuwa nalisalimia kwa utani, karibu mgeni, taulo zako hizo. Sasa mwanya ukabaki mtupu. Ukipita karibu unaona nyuma ya geti kipande cha uwanja wake, saruji safi haina tairi lililoikanyaga ila ya lile gari la kuazima, na ndoo za rangi zimejipanga na maua yanaanza kulegea shingo. Kiti cha jioni kilikuwa kitupu. Simu haikulia wala haikupigwa.

Nilimwona mara moja, anatoka dukani na mkate. Alinisalimia vizuri, akaniuliza kazi. Nilimjibu nikiwa naangalia mfuko wa shati lake. Haukuwa na kitu. Niliingia ndani nikakaa kitandani, saa za kazi, wateja wananisubiri nje, kwa sababu mfuko ule mtupu ulinitia woga kuliko kama ningemkuta ameanguka.

Wateja nao hawaishiwi maneno. Mmoja akaleta ile ya heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Nikamwambia ni rahisi kuisema ukiwa umekaa, umeshika kioo, unatazama misuko yako. Jirani ni jirani. Siwezi kuwa binti wa mtu kwa sababu tumegawana ukuta. Nikimpelekea chakula atakula, ataosha sahani, atairudisha na asante. Nikimpelekea pole atasema ameshapoa. Alikuwa na jibu la adabu kwa kila kitu ambacho ningempelekea. Nikawaza siku nzima, nikamchomekea mtu rasta za rangi nyingine, akanitukana, ana haki.

Na huko kutukanwa ndiko kulikonipa akili. Yule mteja alikuwa amekasirika, lakini alikuwa amekaa. Hakuondoka. Alinisimamia kichwani mpaka nikafumua na kurudia.

Nikavua aproni nikaenda kwa mzee, nikagonga lile geti lake la kijivu kwa ngumi. Alichukua muda kufika. Alifungua mlango mdogo wa pembeni, shati halijapigwa pasi.

Nikamwambia, "Mzee, nina malalamiko. Geti lako linanikera."

Akauliza limefanya nini.

"Linapiga kelele."

Alinitazama. "Halijafunguliwa, jirani. Linapigaje kelele?"

Hapo nilikwama. Mimi ninayejisifu kwa mdomo, maneno yaliniishia mbele ya mzee aliyevaa ndala. Yeye alisubiri kwa upole, mkono juu ya komeo, na niliona yuko tayari kunisamehe uongo wangu na kurudi ndani. Nikapiga moyo konde.

"Basi bomba. Bomba langu la uani linavuja. Beseni linajaa kabla ya mchana. Nimechoka nalo."

Aliutoa mkono kwenye komeo. Kisha akasema, "Ulisema hutaki mwanamume ashike nyundo kwako."

"Bomba halitengenezwi kwa nyundo."

Hakucheka, lakini kitu kilihama usoni. Alisema ningoje. Nikasikia anapekua huko ndani, vyuma vinagongana, droo inafunguliwa inafungwa. Alirudi na mkoba wa kazi, ule wa hotelini, ngozi yake imechakaa pembeni, na bisibisi imesimama mfukoni. Angeweza kupita kwenye ule mlango mdogo. Alilishika geti kubwa akalisukuma lote, nikaliona linaingia kwenye mwanya, nikajua limeshafika kwenye taulo zangu.

Bomba lilikuwa na mpira uliokufa, basi. Alilimaliza kabla chai haijachemka. Alifunga, akafungua, akafunga tena, akaweka kidole chini ya mdomo wa bomba akasubiri kama kutakuja tone. Halikuja. Uwanja wangu ukawa kimya hata mimi nikaushangaa. Akafuta vifaa vyake kimoja kimoja, akavirudisha mkobani, akasimama, akauliza kwa sauti ile ile aliyomuulizia mtoto wake.

"Kuna kingine?"

Na jibu lilikuwa limeshafika mdomoni, lile tulilofundishwa sote tangu utotoni tusije tukamchosha mtu: hakuna mzee wangu, asante, kila kitu kizuri. Nililimeza. Nikageuka nikaangalia nyumba yangu, nyumba niliyoilinda na pasi ya moto, na kwa mara ya kwanza nikafurahi kwamba ni mbovu.

"Mlango wa nyuma umelegea bawaba," nikasema.

"Nitakuja kesho asubuhi. Na kesho kutwa?"

Nilitaka kusema tutaona. Neno hilo nalo nikalimeza. "Kesho kutwa draya. Inawaka ikijisikia. Na baada ya hapo kuna kioo, na benchi lina mguu mmoja mfupi, na usiniharakishe, bado nafikiria."

Aliitikia kwa kichwa, akinakili moyoni, kisha akanywa chai yake yote akiwa amesimama. Alipotoka alipita kwenye geti bila kulifunga. Nikamwita kwamba amelisahau. Akajibu kutoka upande wake wa ukuta kwamba liache, atalipitia tena asubuhi.

Jioni alirudi kwenye kiti chake. Nilifagia chini ya benchi polepole kuliko kawaida, nikisikiliza kama simu italia. Haikulia. Geti lilikuwa limelala kwangu, nikatundika taulo mbichi juu yake kwa sababu kamba ilikuwa imejaa.